Deraya Iliyosukwa Nyuma ya Shuka

Siku hizi vijana wanaotengeneza mavazi ya watu wa anga huja kwangu, wengi wao Jumapili alasiri, wakiwa na simu zilizojaa picha. Wanataka deraya, yaani lile vazi la chuma la askari, ifanane na ya kwenye filamu kwa kila mstari na kila mkwaruzo. Sijui ni nani aliyewaambia kwamba kuna bibi mmoja hapa Kampala aliyewahi kutengeneza kitu cha namna hiyo miaka ya sabini. Nawakaribisha, nawapa chai, kisha nawakatisha tamaa kidogo, ili wasio na nia waende zao mapema.

Nawaambia kwanza waache kununua vitu. Anayeanza hukimbilia gundi na rangi kabla hajajipima hata kifua. Chukua karatasi ngumu, ikate, jifunge mwilini kwa kamba, halafu keti. Ukishindwa kuketi, kata tena. Inua mikono kana kwamba unaanika nguo. Karatasi ikipasuka kwapani, hapo ndipo deraya itakapokukata ngozi. Mimi nilitumia mifuko ya saruji, kwa kuwa wakati ule hata karatasi ya kufungia nyama ilikuwa haipatikani, na kifua cha kwanza nilikikata mara nne.

Kofia iwe kubwa kuliko unavyodhani. Kichwa kikishapata joto huhitaji nafasi, na mvaaji akizimia mbele ya watu hakuna atakayesifu kazi yako. Na uchague tukio moja la filamu, ushikamane nalo, maana hao watengenezaji wa filamu wenyewe ni wazembe: mtu anaingia mlangoni na mikanda miwili, anatokea upande wa pili na mitatu. Ukitaka kufuata yote utapata kichaa.

Halafu nawauliza: uliitazama ukiwa umekaa wapi? Hucheka. Wanadhani uzee umeniingia kichwani. Basi inabidi niwaeleze.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na tulikuwa tukiishi katika kambi ya polisi ambayo sitaitaja, upande ule wa mji ambako ukisimama mlangoni unaona kilima cha Nsambya. Vyumba viwili, jiko nje, bomba la maji la watu wote. Baba alikuwa sajini, mtu wa kaskazini, Mkristo wa Krismasi na Pasaka. Mama alikuwa Mnubi, mjukuu wa wale askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, na kama wanawake wengi wa kwao alikuwa hodari wa kusuka: mikeka, vikapu, na vile vifuniko vya chakula vya rangi rangi. Alisuka akiongea, alisuka akigombana, na nadhani kama angeachiwa angesuka akiswali.

Asubuhi moja baba alikwenda kazini na sare yake, na kabla ya saa sita watu wawili waliovaa miwani ya jua wakamwomba awasindikize mpaka kwenye gari lao. Aliyetupa habari hiyo ni konstebo mmoja aliyekuwa zamu. Alitupa mara moja tu, akatusihi tusimuulize tena. Hatukumuuliza. Miaka ile watu walijifunza upesi ni maswali gani yasiyoulizwa, na nyumba zilizokuwa na kiti kitupu hazikuwa chache.

Nyumba ya kambi ni ya mwenye kazi. Baada ya miezi mitano karani wa nyumba alimletea mama karatasi ya kumtaka ahame. Pa kwenda palikuwapo, hilo niliseme wazi. Mama mdogo alikuwa na nyumba Kyebando na alishatutengea chumba, tena kikubwa kuliko vyote tulivyokuwa navyo. Mama hakutaka hata kukiona.

“Yeye najua nyumba hii,” aliniambia. “Kama narudi, nakuja hapa. Kyebando hajawahi fika. Ataulizia nani?”

Hiyo ndiyo sababu yake yote, na hakuongeza nyingine. Mimi sikuamini kwamba baba atarudi. Nilikuwa nimeacha kuamini kufikia mwezi wa pili, nikawa namchukia mama kidogo kwa kuendelea, halafu nikawa najichukia kwa kumchukia. Lakini nilikuwa mwanawe wa pekee, na kama mama alitaka nyumba, basi nyumba ilibidi ipatikane.

Gari la sinema lilikuwa likija kambini Jumamosi baada ya magharibi. Walifunga shuka kubwa nyeupe kati ya nguzo za goli, wakawasha mtambo. Mbele ya shuka walikaa maafisa kwenye viti, na nyuma yao askari kwenye mabenchi. Wake na watoto walitandika mikeka upande wa pili, nyuma ya shuka. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Inasemekana afande fulani wa zamani alichoshwa na kelele za watoto, akawahamisha, akahamishwa naye, desturi ikabaki. Shuka ilikuwa nyepesi na picha ilipenya vizuri tu. Maandishi yalionekana yamegeuka, lakini wengi wetu hatukuwa wasomaji, na sisi tuliosoma kidogo tulishazoea kuyaacha yapite.

Mwaka huo gari lilileta filamu ya askari wa anga, na kwa kuwa hawakuwa na nyingine waliionyesha Jumamosi tatu mfululizo. Askari wale walivaa deraya nyeupe. Kofia zao zilifunika uso wote, na bomba jeusi lilitoka shavuni kuingia kifuani. Mkono mmoja tu ndio uliokuwa na chuma, magamba yaliyopandana kutoka begani hadi vidoleni. Mwingine ulikuwa wa kitambaa. Kwa mkono huo wa magamba walipiga risasi, walipiga saluti na walikula. Mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto. Wanawake walilizungumza jambo hilo sana kule kwenye mikeka, na mama lilimuudhi hasa lile la kula.

“Hawa watu hawana mama?” aliuliza. “Nani nafundisha mutu kula na kushoto?”

Msimamizi wa kambi, afisa mnene mwenye sauti ndogo, aliipenda filamu hiyo kupita kiasi. Siku ya michezo ya familia ilikuwa inakaribia, na wageni wakubwa walitazamiwa, wa polisi na wa jeshi. Akatangaza kwenye gwaride kwamba anataka askari wa anga atembee mbele ya bendi, awe yule yule wa kwenye shuka, si kinyago cha kuchekesha watoto. Akasema pia kwamba katika stoo ya sare kulikuwa na nafasi ya fundi, na atakayelifanya vazi hilo vizuri atafikiriwa kwanza. Mama alizipata habari bombani. Alirudi na ndoo nusu, jambo ambalo si kawaida yake, akaniambia kwamba fundi wa stoo hupewa nyumba, na kwamba mimi najua kushona na yeye anajua kusuka.

Jumamosi ya tatu nilikaa karibu kabisa na shuka, nikachora. Nilichora kila kitu mara mbili kwenye mfuko wa saruji. Mama alikuwa kando yangu akihesabu magamba kwa sauti, ishirini na mawili, na mke wa koplo mmoja akahesabu naye ili kuhakikisha. Hakuna picha iliyotazamwa kwa makini kama ile. Nawaambia vijana hivyo: kutazama kwa makini hakukusaidii kama umekaa upande usio wako.

Kazi yenyewe ilituchukua wiki tatu. Mabati hatukuwa nayo, na hata tungekuwa nayo, mtu mwenye bati mwilini katika jua la saa nane hafiki mbali. Mama akasema tusuke. Kofia aliisuka kama kifuniko cha chakula, akianzia utosini na kuteremka mzunguko baada ya mzunguko, bila futi, akipima kwa shubiri yake. Kifua tulikijenga kwa karatasi na uji wa muhogo, tabaka juu ya tabaka, kila moja likikauka kwanza. Hapo ndipo wanaoanza huharibu, kwa haraka: tabaka la ndani likibaki bichi, siku ya tatu deraya inanuka kama kinu kisichooshwa. Mkono wa magamba mama aliutengeneza kwa ukili mwembamba, yaani utepe wa majani yaliyosukwa, alioushona kwa kuuzungusha, kama anavyoshona kikapu, na magamba akayasuka humo humo, yakipandana. Bomba lilikuwa mpira wa ndani wa baiskeli uliozungushiwa waya. Rangi ilikuwa chokaa. Hapakuwa na sabuni mjini, sukari ilikuwa hadithi, lakini chokaa ya kupaka mawe ya kambini haikuwahi kukosekana hata siku moja.

Ilitoka nzuri. Nasema hivyo bila haya, kwa kuwa nimeona mengi tangu wakati ule. Ukisimama hatua kumi huwezi kujua kwamba ni majani na uji.

Siku mbili kabla ya michezo, alasiri, tuliipeleka kwenye baraza ya msimamizi ili aikague. Mpiga tarumbeta mmoja wa bendi, mrefu kuliko wote, aliivaa. Msimamizi alikuwa amekaa kitini, na mkewe alikuwa kwenye mkeka akimenya karanga. Mpiga tarumbeta akatembea mara moja kwenda na kurudi, na mimi nikamwambia apige saluti kama kwenye filamu. Akanigeuzia kofia, kama anayeuliza mkono upi. Nikamwonyesha mkono wa magamba. Akapiga saluti kwa kushoto.

Sura ya msimamizi ilibadilika.

“Wewe nacheka sisi?” akauliza, kwa ile sauti yake ndogo.

“Hapana, afande.”

“Askari gani napiga saluti na kushoto? Nani alikutuma?”

Niliogopa. Sikuwahi kuogopa vile kabla ya hapo wala baadaye, hata siku za vita. Neno lile, nani alikutuma, lilikuwa neno la watu wenye miwani ya jua, na mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilifungua michoro yangu, nikamwambia kwamba ndivyo ilivyokuwa, nilitazama mara tatu.

“Mimi pia naangalia mara tatu,” akasema. “Mimi iko mbele kabisa. Ni mukono ya kulia.”

“Ni kushoto,” akasema mkewe, bila kuinua kichwa kutoka kwenye karanga.

Msimamizi akamgeukia. Mke akapuliza maganda, akaendelea. “Hata chakula, nakula na kushoto. Sisi wote iliona.”

Walikuwa wakipita wanawake wawili wenye madebe ya maji. Msimamizi akawaita, akawauliza. Wakatua madebe, wakajibu kwa heshima, kila mmoja kwa wakati wake: kushoto, afande. Akamuuliza mpiga tarumbeta, naye akasema kulia kutoka ndani ya kofia, halafu akawatazama wale wanawake, akatazama viatu vyake. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma, na nilikuwa wa mwisho kuelewa. Nilijua kwamba maandishi yetu yalikuwa yamegeuka. Ila sikuwahi kufikiri kwamba mikono nayo ilikuwa imegeuka.

“Nyinyi munakaa wapi?” msimamizi aliuliza hatimaye. Alikuwa anajua. Nadhani alitaka tu kulisikia.

“Nyuma ya shuka, afande.”

“Tunakaa pale mulituweka,” akasema mkewe.

Msimamizi akacheka kidogo, kicheko kama cha mtu aliyepaliwa, na mimi ndipo nikapumua. Akasema haya, amesikia, lakini Jumamosi wakubwa watakaa mbele, na wakubwa wameiona filamu kama yeye. Deraya igeuzwe. Ikifika Jumamosi na kushoto kwake, hakuna stoo.

Kuhamisha bomba kutoka shavu moja kwenda jingine ni kazi ya saa moja. Unaziba tundu, unatoboa jingine. Lakini mkono hauhamishwi. Mkono una kiwiko, una kidole gumba, na magamba yake yanalalia upande mmoja. Ukiuvika upande wa pili unageuka kituko. Nilikaa jikoni nikahesabu saa zilizobaki nikaona hazitoshi kusuka mwingine. Nikamwambia mama tuanze kufunga vyombo vya kwenda Kyebando. Mama alijaza beseni maji, akautumbukiza mkono mzima, chokaa na yote, akakaa kando yake na kisu cha kubandulia. Chokaa ilipoachia na ukili ukalainika, aliingiza mkono wake ndani mpaka begani, akashika ncha za vidole kwa ndani, akavuta. Ukatoka umepinduliwa, kama unavyopindua soksi. Ule wa kushoto ukawa wa kulia. Magamba alikuwa ameyasuka yakajitokeza pande zote mbili, kwa kuwa hivyo ndivyo vikapu vyao vinavyosukwa, havina upande mbaya. Akauweka juani, akaenda kupika.

Kwa hiyo nawaambia wanaoanza: fanya kazi inayoweza kufumuliwa. Gundi ni ya mwisho. Wengi hawanisikii, halafu hurudi na deraya iliyopasuka wakiniuliza wafanyeje.

Jumamosi mpiga tarumbeta alitembea mbele ya bendi na mkono wake wa kulia, akapiga saluti mbele ya jukwaa, na wageni wakapiga makofi. Mgeni mmoja wa jeshi alisimama kabisa. Upande wa kina mama kulikuwa na manung'uniko. Watoto walisema huyu si yule, yule ni wa kushoto, na mama zao wakawanyamazisha huku wakicheka. Nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja nikiwa na sindano na uzi kwa dharura, na nakumbuka nilijisikia mtu mbaya kwa wale watoto. Wao ndio walioitazama filamu kama nilivyoitazama mimi.

Jumatatu niliitwa ofisini kwa karani wa nyumba. Alikuwa Muganda wa Lubaga, mtu mpole, mwenye kola iliyoshonwa upya mara nyingi. Akanipongeza kwa kazi ya stoo, akatoa fomu ya nyumba. Jina langu alikuwa ameshaliandika. Chini yake palikuwa na mstari wa aliyekuwa akikaa humo, na jina la baba limepigwa chapa, na mbele yake sababu ya kuondoka. Hapo palikuwa patupu.

“Nyabo, hapa haiwezi kukaa wazi,” akasema, akiniita bibie kwa Kiganda.

Nikamwambia aandike kwamba hajulikani aliko. Akatazama mlango kwanza, kisha akanitazama mimi.

“Hiyo mimi haiwezi kupereka juu. Kama mutu naandika ametoroka, famiria yake hapana pata nyumba. Kama naandika amehamishwa, wanataka barua.” Sababu nyingine zilikuwa zimeisha, imebaki moja, na alikuwa na adabu ya kutoitaja. Alinisogezea fomu. “Kamata karamu. Andika wewe. Mimi haiwezi.”

Nilikaa na ile kalamu. Nje walikuwa wakifanya gwaride, nikasikia wakigeuka, wakigeuka tena. Nilifikiri nikienda kumuuliza mama, atasema hapana, na mwisho wa mwezi tutakuwa Kyebando. Nikaandika: amekufa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, masista walinifundisha. Karani akagonga muhuri, akanipa nakala, akasimama kunipa mkono kama watu wanavyopeana msibani.

Nakala niliichana vipande vipande, nikavitupa chooni. Mama alikuwa kizingitini akinisubiri, mikono mitupu kwa mara ya kwanza.

“Walikubali?”

“Walikubali.”

“Nyumba hii hii?”

“Hii hii, mama.”

Akakaa chini, akashukuru kwa Kiarabu, akajifuta uso kwa ncha ya leso. Kisha akauliza, “Iliuliza habari ya baba yako?”

“Hapana,” nikasema. “Hawakuuliza.”

Aliridhika. Alikaa katika nyumba ile miaka saba akimngoja, na mimi nilikaa naye, nikimwona anavyoinua kichwa kila lango lilipofunguliwa, na sikumwambia.